Pampu haizimwi na petroli bado ipo ardhini: tafuta hela inapopotelea

Hii ni kwa wenye sheli, gereji kubwa na yadi za malori hapa Arusha na Moshi, ambao tenki la chini lilivuja, wakaguzi wakaja, mkaambiwa msafishe maji ya ardhini, na sasa pampu inanguruma usiku na mchana, mkaa wa kuchujia unanunuliwa, maabara inalipwa na petroli bado ipo. Ni kwa mafundi pia, maana nyie ndo mnaitwa kuangalia mitambo hii na mara nyingi mnachoambiwa ni "ongeza pampu" tu. Nitaenda dalili kwa dalili. Ninachokiamini kabisa ni kwamba hela nyingi inaishia kwenye kuvuta na kusafisha maji ambayo tayari ni masafi, huku mafuta yenyewe yametulia kwenye udongo pembeni hayajaguswa na mtu.

Ila kabla hujagusa gharama, kuna watu. Kama kuna jirani anakunywa maji ya kisima na yananuka petroli, hayo maji yaachwe leo, na wasidanganyike kwamba kuchemsha kunatosha, ukichemsha mvuke wa petroli unajaa jikoni na moto uko hapohapo. Kiwango cha WHO (Shirika la Afya Duniani) cha benzini, sumu mojawapo iliyomo ndani ya petroli, kwenye maji ya kunywa ni miligramu 0.01 kwa lita, ni kidogo sana, pua inaweza isisikie kitu na maji yakawa yameshavuka. Na fundi usishuke kwenye kisima chenye harufu ya mafuta hata kama ni kifupi, usiingize pampu ya kawaida ya umeme kwenye kisima ambacho mafuta yanaelea juu, na simu na sigara ziwe mbali. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unakaa chini kwenye shimo unasubiri cheche.

Haya, sasa dalili.

Maji yanatoka mengi, kipimo kimegoma kushuka

Hii ndo inakula hela kuliko zote. Miezi ya kwanza kipimo cha petroli kwenye maji kilishuka vizuri, kila mtu akafurahi, afu kikafika mahali kikasimama, mwezi huu sawa na mwezi uliopita. Kinachofanyika mara nyingi ni kuongeza pampu ya pili. Subiri kwanza, kaa chini na kalamu.

Tuchukue mfano, namba ni zangu za kufundishia. Unavuta kyubiki (mita za ujazo) 5 kwa saa, masaa 24, hizo ni kyubiki 120 kwa siku. Maji yanayotoka yana petroli miligramu 0.5 kwa lita. Zidisha, unapata gramu 60 kwa siku. Petroli lita moja ina uzito wa kama gramu 740, kwa hiyo kwa siku nzima ya umeme na mkaa umetoa petroli ambayo haifiki hata robo ya chupa ya soda. Kama zilivuja lita 1,000 tu, kwa mwendo huo unahitaji zaidi ya miaka 33. Hakuna mtu atakayelipa LUKU miaka 33 kwa ajili ya hilo, na hata akilipa bado hajatatua tatizo.

Kwa nini inakuwa hivyo? Kwa sababu pampu inavuta maji kutoka pande zote, pamoja na upande ambao haujawahi kuona petroli. Ukizidisha kuvuta unazidisha maji masafi, na yale machafu yanabaki kiasi kilekile.

Sasa hesabu ya pili, ya kujua unatakiwa kuvuta kiasi gani kweli. Unahitaji vitu vinne: upana wa eneo lililochafuka, unene wa tabaka lenye maji, mteremko wa maji chini ya ardhi, na uwezo wa udongo kupitisha maji. Tuseme upana mita 30, unene mita 10, maji yanateremka mita 1 kwa kila mita 100, na udongo unapitisha mita 5 kwa siku. Zidisha 30 kwa 10 kwa 0.01 kwa 5, unapata kyubiki 15 kwa siku. Hayo ndo maji yote yanayopita kwenye eneo chafu kwa siku. Weka mara mbili kwa usalama, maana karibu na kisima upana unaovutwa ni mdogo kuliko kule mbali, unapata 30. Na sisi kwenye mfano wetu tunavuta 120! Robo tatu ya kazi ya pampu, ya mkaa na ya umeme ilikuwa inaenda bure.

Angalizo la huku kwetu: udongo na miamba ya Meru na Kilimanjaro ni ya volkano, unakuta majivu yaliyogeuka mfinyanzi yanayopitisha maji kwa shida, chini yake jiwe la lava lenye nyufa ambalo maji yanakimbia, afu tena majivu. Hesabu hiyo juu inapenda udongo unaofanana sehemu zote, kwenye nyufa inaweza kukudanganya vibaya. Kwa hiyo usichukue namba kwenye kitabu, fanya jaribio la kuvuta maji, vuta kisima kimoja kwa kiwango kilekile masaa mengi ukipima kina kwenye visima vya pembeni, na ripoti ya mchimbaji inayosema kila tabaka limeanzia mita ngapi itafute, usikubali kuambiwa imepotea. Gharama ya jaribio unaweza kuirudisha kwenye bili ya umeme tu.

Kipimo kilishuka kabisa, mkazima mtambo, kikarudi

Swali la kwanza kabisa, je, tenki limeacha kuvuja? Linaonekana swali la kitoto lakini anza nalo. Linganisha dipu ya asubuhi, yaani kipimo cha fimbo ndani ya tenki, na mauzo ya mita, kila siku, uandike, tofauti ikiwa inaelekea upande mmoja siku zote kuna kitu. Pima na maji ndani ya tenki kwa ile dawa ya kupaka kwenye dipu, hasa masika, maana maji ya ardhini yakipanda juu ya tundu yanaingia ndani ya tenki. Na usisahau mabomba ya kutoka tenki kwenda pampu za kuuzia, watu wanabadilisha tenki wanaacha bomba lilelile bovu.

Kama hakuna kinachovuja, basi mafuta yako kwenye udongo. Petroli na dizeli ni nyepesi kuliko maji, zinaelea. Kiangazi maji yanashuka, mafuta yanashuka nayo yakipaka udongo njia nzima, masika ya Machi mpaka Mei maji yanapanda yanayafunika, mafuta yanabaki yamenasa kwenye vitundu vya udongo kama kwenye sponji ya kuoshea vyombo. Pale yaliponasa yanatoa kidogokidogo kwenye maji yanayopita, miaka. Na ule mfinyanzi wa majivu nao ulishakunywa petroli wakati uchafu ulikuwa mwingi, maji yakisafika unaanza kuitema taratibu. Pampu haina nguvu juu ya hilo, hata ungeweka pampu kumi.

Dawa hapo ni kuhamia kwenye chanzo. Kama ni petroli na udongo wa juu ya maji unapitisha hewa, vuta hewa badala ya maji. Mfano tena: blowa inayovuta kyubiki 50 za hewa kwa saa, hewa ina gramu 2 za mvuke wa petroli kwa kila kyubiki, hapo unatoa gramu 100 kwa saa, kilo 2.4 kwa siku. Linganisha na zile gramu 60 za kwenye maji. Mara arobaini! Itapungua kadiri udongo unavyosafika, lakini kilo nyingi zinatoka mwanzoni na ndo unachotaka. Hewa hiyo nayo ina petroli, isiachiwe dirishani kwa watu, ipitishwe kwenye mkaa wake au ichomwe kwa mtambo unaofaa.

Kama ni dizeli usitegemee kuvuta mvuke, dizeli haipendi kuruka. Hapo unawapa hewa wadudu wadogo walio kwenye udongo, wao wanaila. Unapuliza hewa taratibu kabisa kwenye udongo mkavu juu ya maji na unawaacha wafanye kazi. Sababu ya kupeleka hewa na sio maji yenye oksijeni ni hesabu rahisi, kula miligramu 1 ya mafuta kunahitaji miligramu kama 3 za oksijeni, lita moja ya maji yaliyojaa hewa inabeba miligramu 7 au 8 tu, wakati lita moja ya hewa, hata kwa mwinuko wetu huu wa Arusha wa kama mita 1,400, ina zaidi ya 200. Blowa ndogo yenye taima inatosha sehemu nyingi, na kwa bei haifanani kabisa na mtambo wa kusafisha maji.

Na kama uchafu ni kipande kidogo chini ya tenki la zamani, ukiwa tayari unalichimbua tenki, ondoa na ule udongo hapohapo. Usiufukie ukasema utasafisha baadae, baadae utalipa mara nyingi zaidi. Udongo huo uende sehemu inayoruhusiwa, sio kujazia shimo la mtu.

Mafuta yanaelea kisimani, leo sentimita hamsini, mwezi ujao hakuna

Usiite sherehe na usiite msiba. Unene unaouona ndani ya kisima mara nyingi ni mkubwa kuliko ule wa kwenye udongo, na unabadilika na msimu. Maji yakipanda mafuta yananasa yanapotea machoni, yakishuka yanarudi. Ndo maana mtu anapima Mei anaandika "yameisha", Septemba anashangaa. Pima kina cha maji na unene wa mafuta siku hiyohiyo, weka kwenye grafu moja, mwaka mzima.

Kosa la hela hapa ni kushusha maji sana kwa pampu kubwa ili mafuta yakimbilie kisimani. Yatakimbilia kweli, lakini yatapaka pia udongo wa chini ambao ulikuwa msafi, umejitengenezea chanzo kipya. Chukua mafuta ya juu tu kwa kifaa cha kuengua, taratibu, na ikifika mahali unapata kikombe kwa wiki acha, hamia kwenye hewa.

Mkaa wa kuchujia unaisha haraka kuliko ulivyoambiwa

Sababu ni chache. Mafuta yenyewe yanayoelea yanaingia kwenye mkaa, hayo yanaumaliza mara moja, kwa hiyo lazima kuwe na tenki la kutenganisha mafuta na maji kabla. Au chuma na vumbi laini la volkano linaziba, mkaa haujaisha kabisa ila maji hayapiti, hapo weka kichujio cha mchanga au cha katriji mbele, ni cha bei ndogo. Au unabadilisha kwa kalenda bila kupima.

Hii ya mwisho ndo nashauri uanze nayo. Weka mapipa mawili ya mkaa, moja nyuma ya lingine, na koki ya kuchukulia sampuli katikati. Pipa la kwanza likianza kupitisha benzini, la pili bado linakinga, unatoa mkaa wa la kwanza, la pili linakuwa la kwanza na jipya linakaa nyuma. Hivyo kila pipa linatumika mpaka mwisho wake. Mwenye pipa moja kila siku ana hofu kwa hiyo anatupa mkaa ukiwa na nusu ya uwezo. Kama uchafu bado ni mwingi, pitisha maji kwanza kwenye mnara wa kupulizia hewa ili benzini nyingi iruke, mkaa umalizie mabaki.

Luku inaisha wiki ya pili

Ukishapunguza maji kama nilivyoeleza juu, umeme unashuka wenyewe. Kuinua kyubiki 1 mita 40 kwa pampu na mota za ufanisi wa jumla wa asilimia 40 kunakula kama uniti 0.27. Kyubiki 120 ni uniti 33 hivi kwa siku, kyubiki 30 ni 8. Kwa mwezi tofauti ni kama uniti 750, na hapo sijahesabu blowa wala pampu za juu.

Ila usipunguze maji kwa kufunga koki nusu, pampu inaendelea kusukuma ukuta na inakula umeme karibu uleule. Weka inveta ya kupunguza mwendo wa mota au nunua pampu ndogo inayolingana na kazi. Nimeona watu wanang'ang'ania pampu kubwa kwa sababu ilishanunuliwa, sawa, lakini hela ya kila mwezi ndo kubwa kuliko bei ya pampu.

Mabomba yanaziba

Utelezi wa kahawia ni bakteria wa chuma, osha kisima na mabomba kwa klorini kwa ratiba, huku maji hayo ukiyapitisha pembeni yasiingie kwenye mkaa. Ukoko mgumu mweupe unatolewa na asidi laini, sio nyundo.

Majibu ya maabara yanarukaruka

Mwezi huu 0.2, ujao 1.5, unaofuata hakuna kitu. Kabla hujaamini, uliza sampuli zilichukuliwaje. Chupa ya maji ya kunywa au ya soda haifai, benzini inaruka na nyingine inaingia kwenye plastiki. Inatakiwa kichupa kidogo cha glasi cha maabara, kijazwe mpaka juu pasibaki hata tone la hewa, kiwekwe kwenye barafu mpaka maabara. Kisima kivutwe taratibu kwanza, sio kudumbukiza ndoo na kuivuruga. Sampuli mbili za siku moja kutoka kisima kimoja, ukizipa majina tofauti, zitakuambia kama tatizo ni maji au ni mikono.

Na hapa kuna hela ya kuokoa wazi kabisa. Visima ambavyo vimekuwa safi mfululizo mwaka mzima na viko juu ya mtiririko, yaani upande maji yanakotokea kabla ya kufika kwenye uchafu, havina haja ya kupimwa kila mwezi, omba kibali vipimwe mara mbili kwa mwaka, mwisho wa masika na mwisho wa kiangazi. Hela hiyo ipeleke kwenye kisima kimoja kipya kati ya uchafu na majirani, hicho ndo kitakupa usingizi.

Kisima cha jirani kimeanza kunuka na wewe unavuta kila siku

Hakikisha kwanza ni mafuta. Ukiona utando wenye rangi za upinde wa mvua, uguse kwa kijiti, ukivunjika vipande vipande kama kioo ni bakteria, ukiachana na kurudi kuungana ni mafuta. Harufu ikithibitisha, peleka sampuli.

Kama ni yako, basi pampu yako haishiki mtiririko, au kisima cha jirani chenyewe kinavuta kwa nguvu kuliko unavyodhani, kama ni cha kiwanda cha matofali au kuoshea magari kinaweza kugeuza mwelekeo wa maji kabisa. Pima kina cha maji kwenye visima vitatu au zaidi siku moja, ukijua na mwinuko wa kila mdomo wa kisima kwa levo ya mpima ardhi sio kwa macho, utapata maji yanaelekea wapi. Rudia masika na kiangazi. Na usidhani yanafuata mteremko wa barabara, chini ya Njiro ya Arusha au Pasua ya Moshi lava haijali barabara imeelekea wapi.

Petroli imeisha ila maji bado yanafeli

Angalia ni kipi kimefeli. Maeneo mengi kuzunguka Meru maji ya ardhini yana floraidi nyingi kutoka kwenye miamba yenyewe, ndo ile inayoacha meno ya kahawia kwa watoto wa Arumeru, na WHO wanasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Hiyo hukuileta wewe na mkaa wa vifuu vya nazi hauitoi. Inayotoa ni chengachenga za mifupa iliyochomwa, kazi ambayo kituo cha Ngurdoto wameifanyia utafiti miaka mingi, lakini usizichanganye kwenye mtambo wa petroli ukitegemea zifanye yote mawili. Pima floraidi kwenye kisima kilicho juu ya mtiririko, ambako petroli haijafika, ikiwa namba ni ileile umeshaonyesha ni ya asili, na lengo lako la usafishaji liandikwe hivyo tangu mwanzo. Mtu akikuwekea lengo la maji ya kunywa kwa kila kitu, utalipia mlima Meru. Lakini pia usimpe mtu maji hayo anywe kwa sababu tu petroli imetoka.

Hakuna anayejua lini mtazima

Hii ni dalili ya mpango usio na mwisho, na mkandarasi anayelipwa kwa kyubiki za maji hana haraka nao. Andikeni kwenye mkataba alipwe kwa mtambo kufanya kazi iliyokubaliwa, na kila mwezi alete namba moja: shilingi ngapi zimetumika kwa kila kilo ya mafuta iliyotoka. Ikipanda miezi mitatu mfululizo, mnakaa mnabadilisha njia.

Kuna na kuacha ardhi imalizie. Mwaka 1995 maabara ya Lawrence Livermore ya Marekani ilichambua visa vingi vya matenki yaliyovuja California ikakuta michirizi ya benzini mara chache inazidi mita kama 76 kutoka kwenye chanzo, kwa sababu wadudu wa udongo wanaila njiani. Hiyo ni California, kwenye nyufa za lava zetu usiichukue kama ahadi, lakini inaonyesha kwamba ukishaondoa chanzo, kukaa unapima tu inaweza kuwa njia halali, mradi vipimo vyako vya misimu vinaonyesha eneo linasinyaa na hakuna kisima cha kunywa mbele yake.

Na hayo usiyaamue mwenyewe usiku. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inasema mchafuzi ndo analipa, kwa hiyo wasimamizi wa mazingira wa serikali (NEMC) watakuwa na wewe mpaka mwisho, na kutoboa visima au kumwaga maji yaliyosafishwa kunahitaji kibali cha watu wa bonde, kwa Moshi na sehemu kubwa ya Arusha mjini ni Bodi ya Maji Bonde la Pangani, makao yao yako Moshi. Nenda nao mapema na grafu zako, uwaonyeshe kipimo kikifika namba ipi unazima mtambo, miezi mingapi utaendelea kupima baada ya kuzima, na kipimo kikirudi juu ya namba ipi unawasha tena. Ukiwa na hivyo vitatu kwenye karatasi moja iliyosainiwa pande zote, zima pampu na endelea kupima.